Swali la Kumi na Saba

Nilipewa kizibao cha manjano, kishikwambi, na siku tisa.
Nyalenda yote, toka barabarani hadi matete yanapoanzia.
Nilibisha kila mlango, nikauliza,
na kidole changu kikajifunza mwendo wake:
ndiyo, la, ndiyo, ndiyo, la.

Swali la kumi na saba lilikuwa fupi:
Je, kaya hii ina mfereji ndani ya ua?

Kwa Mama Konsolata Ajwang' mfereji ulikuwapo.
Ulisimama kando ya choo, shingo imepinda,
kamba ya nguo imefungwa kooni,
na mdomoni mwake nyigu wamejenga nyumba ya udongo.
"Andika ndiyo," akaniambia, anacheka.
"Si unauona? Uguse ukitaka.
Mfereji haujawahi kunidanganya.
Maji ndiyo mwongo."
Yalikuja mara ya mwisho, alisema, mwaka aliozaliwa Fenny,
na Fenny alikuwa pale mlangoni
anashona kifungo kwenye sare ya gredi ya tano.

Nilitafuta mahali pa kumwandika Fenny.
Hapakuwapo.
Visanduku viwili tu,
kama macho ya mtu asiyepepesa.
Nikagusa ndiyo. Saa kumi ilikuwa imepita
na nilidaiwa kaya ishirini kabla ya giza.

*

Mwezi wa tatu, ukumbi wa wadi,
feni za dari zinazunguka bila upepo.
Bwana Obilo wa Mipango akawasha projekta:
tarakimu mbili za buluu, kubwa kuliko kichwa chake.
"Asilimia tisini na moja ya Nyalenda wana maji!"

Sikiliza neno lilivyoteleza.
Mfereji uliingia kwenye jedwali kwa mlango huu,
ukatokea mlango wa pili umekuwa maji.
Wala hakudanganya. Ningepata nafuu kama angedanganya.
Tulipiga makofi. Mimi pia,
kwa fahari ya kijinga:
ndani ya ile tisini na moja kulikuwa na kidole changu.

Akasimama Wasuna, anayekitaka kiti,
jasho limempanga shingoni kama shanga.
"Na hao tisa? Mwaka jana wasio na maji walikuwa sita!
Kiu imepanda kwa nusu nzima!"
Naye akapigiwa makofi, tena makubwa zaidi.
Wale sita walihesabiwa Milimani.
Hakuna aliyeuliza.

Kabla ya mvua, mstari wa boza ulifutwa kwenye bajeti,
kwa rula, kwa adabu.
Boza la Jumanne. Boza la Ijumaa.
Nani humpelekea maji mwenye maji?

*

Sasa mtungi wa lita ishirini ni shilingi thelathini,
na ukipanda ukuta wa Mama Ajwang'
unaliona ziwa, lote, limelala wazi,
linameta,
halina kisanduku.

Nilirudi bila kizibao.
Nilitaka anitukane. Nilikuwa nimejipanga kutukanwa.
Alinipangusia kigoda kwa leso.
"Wewe ndiye uliyenihesabu."
"Ndiyo," nikasema, na ndiyo yangu
ikasikika kama zile nyingine zote.
"Basi njoo unisaidie kubeba tisini na moja yangu."
Akanipa mtungi wa njano, mpini umeyeyuka upande mmoja.

Debe tupu haliachi kuvuma, walisema wa zamani.
Hili lilinigonga goti kila hatua,
tup, tup, tup,
nikajikuta nahesabu, kwa mazoea.
Fenny alikuwa mbele, kamtungi kake kichwani,
hakashikwi na mkono.

"Fenny," nikamwita, "kutoka kwenu hadi kisimani
ni hatua ngapi?"

Aligeuka, akanitazama kama mwalimu amtazamavyo mwanafunzi
aliyekosea tangu mstari wa kwanza.

"Za kwenda," akauliza, "ama za kurudi?"